Kufungua dirisha kwenye yai la kuku uone moyo wa kiinitete ukidunda: tulivyofanya hapa Kigoma

Wiki iliyopita kijana wa fildi alinijia maabara amenyong'onyea. Mayai kumi na mawili, kiinitete (kifaranga kinachoanza kuumbika) kimoja tu kilichosalimika. Nikacheka, maana mwaka wangu wa kwanza kazini niliharibu trei nzima. Tukarudia wote wawili, na haya ndiyo tuliyoyafanya.

Hatua ya 1: Mayai

Ya kienyeji, kutoka kwenye banda lenye jogoo. Ya kisasa ya dukani hayana mbegu, utayaatamia mpaka yaoze. Mimi nina mama yangu mmoja Ujiji, ananipa yaliyotagwa siku mbili tatu. Mwambie asiyaweke kwenye friji, wala asiyaache kwenye kapu juani. Joto la Kigoma linatosha kukianzisha kiinitete ndani ya kapu, kisha kila yai likaja na umri wake.

Hatua ya 2: Maji ya chumvi

Haya ndiyo utakayoyatonesha juu ya kiinitete. Kimiminika cha mwilini mwa kuku si sawa na cha binadamu. Cha binadamu kina chumvi asilimia 0.9, cha kuku asilimia 0.72. Kanuni kamili kwa lita moja ni sodiamu kloraidi gramu 7.2, potasiamu kloraidi gramu 0.37 na kalsiamu kloraidi gramu 0.17. Hiyo 0.17 ni ya kalsiamu kloraidi kavu. Kama chupa yako imeandikwa ina molekuli mbili za maji, pima 0.225. Soma lebo kwanza.

Kama huna mzani wa kuaminika, njia ninayoipenda ni hii: nunua dripu ya chumvi ya mililita 500 duka la dawa, chukua 400, ongeza 100 za maji yaliyotoneshwa. Umepata 0.72 bila kugusa mzani. Haina potasiamu wala kalsiamu, lakini kwa kutazama nusu saa inatosha.

Maji yaliyotoneshwa ni yale ya betri, ila angalia sana: asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Tonesha kwenye karatasi ya litmasi ya bluu. Ikigeuka nyekundu, rudisha dukani. Maji ya bomba usiyaguse. Yanatoka ziwani, na Tanganyika lina alkali nyingi. Niliwahi kutia kalsiamu kloraidi humo nikachemsha, yakawa meupe kama maji ya mchele.

Hatua ya 3: Kuatamia

Mashine ya kuatamia iwe nyuzi 37.5 hadi 38, bakuli la maji chini, mayai yamelazwa ubavu. Weka alama juu kwa penseli, usitumie kalamu ya wino. Usiyageuze. Tuliweka Jumanne saa kumi na mbili jioni, tukafungua Alhamisi saa sita mchana, saa 42. Umeme ukikatika, funika mashine kwa blanketi na usiifungue kuchungulia.

Hatua ya 4: Kushusha kiini (hapa ndipo watu wanapofia)

Yai likilala, kiini hujizungusha mpaka kiinitete kikae juu kabisa, kimegusana na utando wa ndani ya ganda. Ukikata ganda hapo hapo, unakikata nacho, au kinatoka kimeng'ang'ania kipande cha ganda kama ukoko kwenye sufuria. Hicho ndicho kilichomkuta kijana wangu mara kumi na moja. Alidhani mkasi ni butu. Mkasi ulikuwa mzima.

Kwa hiyo kabla ya kukata lazima uchote ute mweupe ili kiini kishuke. Toboa tundu dogo upande butu, penye kifuko cha hewa. Ingiza sindano ikiwa imeelekea chini, karibu na sakafu ya yai, ili ipite chini ya kiini bila kukigusa. Vuta mililita 3, taratibu. Hewa inaingia palepale pa sindano, kiini kinashuka, na juu panabaki uwazi.

Sindano iwe nene. Kijana alileta nyembamba, ile ya kitako cha bluu, ute ukaziba, akavuta kwa nguvu, kiini kikapasuka. Tumia ya kitako cha pinki. Ikitoka njano kwenye bomba, yai hilo limekwisha, usijidanganye. Ukivuta hakitoki kitu, usiongeze nguvu: toa sindano, izungushe kidogo, rudia. Kuna wanaotoboa upande uliochongoka. Sibishani nao, ila mimi nimezoea huku.

Ziba tundu kwa selotepu. Kisha mulika kwa tochi ya simu kwenye chumba chenye giza: kivuli cha kiini kikiwa bado kimebana juu, chota mililita moja nyingine.

Hatua ya 5: Dirisha

Bandika selotepu pana juu ya alama ya penseli, vumbi la ganda lisidondokee ndani. Toboa kwa ncha ya mkasi, ukiulaza mkasi, kata duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Tonesha maji ya chumvi matone matatu, yawe ya uvuguvugu.

Hatua ya 6: Kutazama

Wanasayansi Hamburger na Hamilton mwaka 1951 waligawa ukuaji wa kuku katika hatua 46, na wao waliangalia umbo kuliko saa. Nawe fanya hivyo: hesabu jozi za vipingili kando ya uti. Cha kwanza chetu kilikuwa na kumi na tatu, yaani hatua ya 11. Cha pili, kwenye trei ileile, kumi tu. Moyo ni kibomba kilichojikunja upande wa kulia wa kiinitete. Kama hauoni, geuza taa iangaze kwa ubavu.

Kijana alikaa juu ya hadubini bila kusema neno, kisha akaomba saa yenye mshale wa sekunde ahesabu mapigo. Kabla hajamaliza dakika moja yai likaanza kupoa, mapigo yakapungua. Tulipoongeza matone ya uvuguvugu yakarudi, akaanza kuhesabu upya.