Tomcat (seva ya programu za wavuti za Java) ikikwama, usikimbilie kuiwasha upya

Mteja wa Kibirizi akinipigia kwamba ukurasa "unazunguka tu", kwanza naendesha jstack (zana ya Java inayoonyesha kila thredi, yaani mkondo wa kazi, iko mstari gani wa msimbo) na namba ya mchakato wa Tomcat, mara tatu, nikiacha sekunde kumi katikati. Thredi zilezile zikiganda mstari uleule, mkwamo uko hapo. Mara nyingi zinasubiri hifadhidata: Tomcat kwa kawaida huruhusu thredi 200, HikariCP, inayotunza miunganisho ya hifadhidata, miunganisho 10 tu. Abiria mia mbili, boti ya watu kumi! Kuongeza maxThreads (kikomo cha thredi) hapo ni kurefusha foleni. Saka hoja ya SQL (ombi kwa hifadhidata) inayochelewa, au msimbo usiorudisha muunganisho. Washa leakDetectionThreshold ya HikariCP, itakutajia msimbo huo.

Ile connectionTimeout ya 20000 kwenye server.xml, faili la mipangilio ya Tomcat, ni milisekunde za kusubiri ombi lifike, si za kumaliza kazi. Kwa intaneti yetu ya Kigoma, mimi siipunguzi.