Bonsai ya kwanza: kuutoa mche kitaluni na kuuingiza kwenye chungu bapa

Bonsai ni mti unaolelewa kwenye chungu ili ubaki mdogo, na nyingi za wanaoanza hufia mizizini. Ukikosea kukata tawi, mti utachipua tena. Lakini mizizi iliyokaa kwenye udongo usiopitisha hewa huoza kimyakimya, na majani yanapoanza kupukutika, mara nyingi umeshachelewa. Kwa hiyo hapa tutakaa zaidi kwenye udongo na chungu.

Mche. Bonsai si aina ya mti, ni namna ya kuulea. Anza na fikasi ya majani madogo (Ficus microcarpa): inasamehe makosa, inatoa mizizi haraka, na huchipua hata kwenye sehemu ya zamani ya tawi isiyo na majani. Mreteni (Juniperus) unapendeza machoni, lakini huweza kubaki kijani wiki kadhaa baada ya kufa, kwa hiyo hutajua ulikosea siku gani. Ukifika kitaluni, yaache majani kwanza. Fukua udongo wa juu kwa kidole uone shina linavyoingia chini. Unatafuta shina linalotanuka kwenye kitako, na mizizi iliyotawanyika pande zote. Matawi utayapata kwa miezi, kitako kama hicho ni kazi ya miaka.

Hatua ya 1: udongo. Changanya kwa kiasi sawa punje za pumisi (jiwe jepesi la volkano), mawe ya lava na akadama, ule udongo mgumu wa Kijapani. Chekecha, ubakize punje za milimita 2 hadi 6, na vumbi lote ulitupe. Usiruke kazi hii. Ukimwagilia, maji hayatoki yote; chini ya chungu hubaki tabaka lililolowa, na unene wake hutegemea ukubwa wa punje, si kina cha chungu. Tabaka la sentimita 3 kwenye ndoo yenye kina cha sentimita 25 halina madhara. Tabaka hilohilo kwenye chungu cha sentimita 5 limeshameza zaidi ya nusu ya nafasi ya mizizi. Wengi hutandaza kokoto chini wakidhani wanasaidia, kumbe wanalipandisha tabaka hilo karibu zaidi na shina.

Hatua ya 2: chungu. Kina chake kikaribiane na unene wa shina kwenye kitako, na urefu wake uwe kama theluthi mbili za kimo cha mti. Kwa mti mchanga, kina kikizidi kidogo ni salama zaidi. Funika matundu kwa wavu, kisha pitisha waya wa kufungia mti kutokea chini.

Hatua ya 3: mizizi. Fanya kazi hii msimu wa joto, fikasi inapochipua kwa nguvu. Chomoa mche, uchambue mizizi kwa kijiti kuanzia shinani kwenda nje. Kata kwanza ile minene inayoshuka wima na ile inayozunguka shina. Mara ya kwanza usiondoe zaidi ya theluthi moja ya mizizi yote. Myembamba ndiyo inayonywa maji, itunze na uinyunyizie isikauke. Utomvu mweupe utatoka, ni kawaida, ila huwasha ngozi na macho.

Hatua ya 4: kupanda. Weka kichuguu kidogo cha udongo, kalisha mti juu yake huku ukiuzungusha kidogo, kisha ufunge kwa waya. Jaza udongo na uchokoe kwa kijiti mpaka pasibaki uwazi kati ya mizizi. Jaribu kuinua shina taratibu: chungu kikifuata, umefunga vizuri. Mti unaoyumba hukata ncha za mizizi mipya kila upepo unapovuma.

Hatua ya 5: maji na kivuli. Mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe safi. Weka mti kwenye kivuli chenye mwanga kwa wiki 2 hadi 3, bila mbolea kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo usimwagilie kwa ratiba. Chomeka kijiti kikavu kwenye udongo, kiache dakika 10. Kikitoka na unyevu, subiri.

Kupinda matawi kusifanyike siku hiyo. Ngoja mti uchipue vizuri. Waya wa aluminiamu uwe na unene wa theluthi moja ya tawi, uzungushwe kwa pembe ya nyuzi 45, na ukaguliwe kila wiki, kwani tawi likinenepa waya huzama kwenye gome na kuacha kovu. Kuutoa, ukate vipandevipande. Ukiufungua kwa kuuzungusha unaweza kuvunja tawi.

Klabu ya bonsai. Nenda kabla hujakata, uuchukue mti wenyewe, na uwe na swali moja mahususi, kwa mfano upande gani uwe wa mbele. Faida kubwa ni kukutana na watu waliolea mti wa aina hiyohiyo kwenye hali ya hewa hiyohiyo; kitabu hakijui mvua yenu. Wanachama wengi pia hununua udongo kwa pamoja, huazimana mikasi ya gharama na kugawana vipandikizi. Kabla ya kulipa ada, hudhuria kikao kimoja kama mgeni. Tazama afya ya miti yao kuliko umbo lake, kisha angalia mwanachama mpya akileta mti: wenyeji wanamwachia mkasi akate mwenyewe huku wakimweleza, au wanaunyakua na kumfanyia?