Kuhuisha usajili wa gari Texas kabla faini haijakukuta

Ada yenyewe si kubwa. Gari dogo lisilozidi pauni 6,000 ni dola 50.75 kwa mwaka, dola 7.50 za ukaguzi (unalipa hata sasa, ingawa ukaguzi wa usalama ulifutwa Januari 2025), kisha ada za kaunti yako. Gari la umeme linaongezewa dola 200. Kinachowaumiza ndugu zetu ni kuchelewa, na wengi huchelewa wakidhani kwamba ukilipa mapema unapoteza miezi. Hupotezi. Stika ya usajili inaisha Juni, ukalipa Aprili, mpya nayo itaisha Juni mwakani.

1. Soma mwezi na mwaka kwenye stika ya kioo cha mbele. Unaruhusiwa kuhuisha kuanzia siku 90 kabla. Usingoje barua: kama ulihama bila kubadilisha anwani, imekwenda nyumba ya zamani. Namba ya gari na tarakimu nne za mwisho za chesisi zinatosha kuanza mtandaoni.

2. Pima moshi mapema. Hapa ndipo muda unapopotelea. Kipimo kinatakiwa katika baadhi ya kaunti tu, zikiwemo Harris, Dallas, Tarrant na Travis, kwa magari ya petroli yenye umri wa miaka 2 hadi 24. Houston na Dallas bei haizidi dola 18.50. Taa ya injini ikiwa inawaka, gari halipiti. Na fundi akiizima kwa mashine, au ukibadilisha betri, kompyuta ya gari inafuta kumbukumbu zake. Ukienda siku hiyohiyo utarudishwa. Liendeshe siku kadhaa kwanza, mjini na barabara kuu. Ndiyo maana nawasihi watu wasingoje tarehe 29, mwezi wa stika ukiwa unaisha.

3. Hakikisha bima iko hai.

4. Lipa. Kwenye tovuti ya serikali, texas.gov, unapunguziwa dola moja. Usiyezoea mtandao, nenda ofisi ya kodi ya kaunti. Ukilipa mtandaoni, chapisha risiti uiweke garini, maana stika inakuja kwa posta.

5. Muda ukipita, una siku tano za kazi. Baada ya hapo polisi anaweza kukuandikia tiketi, na faini inafika dola 200. Ukishaandikiwa, ofisi ya kaunti nayo inaongeza asilimia 20 ya ada ya usajili, na huhuishi tena mtandaoni, lazima uende mwenyewe.

Tiketi hiyo usiikalie, tafadhali. Huisha usajili pamoja na hiyo asilimia 20 ndani ya siku 20 za kazi, au kabla ya kufika mahakamani mara ya kwanza, kisha mpelekee hakimu risiti. Sheria inamruhusu kuifuta kesi kwa gharama isiyozidi dola 20.