Kuomba fedha za kuboresha mbinu za utafiti wa afya unaomweka mgonjwa katikati: hatua kwa hatua, ukiwa Moshi au Arusha

Daktari mmoja kijana wa hapa Moshi, anayefuatilia wagonjwa wa kiharusi, aliniletea andiko lake. Mfadhili alikuwa sahihi, swali halikuwa sahihi. Tulikaa nalo mpaka likawa sawa, likatumwa. Tangu hapo wenzake wananiuliza yale yale, wengine usiku, kwa meseji za sauti ndefu. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

Fedha ninazozungumzia ni za PCORI, taasisi huru isiyo ya kibiashara yenye makao Washington. Iliundwa na sheria ya bima ya afya ya Marekani ya 2010, na mwaka 2019 Bunge lao liliongeza muda wa mfuko wake kwa miaka 10. Kazi yake kuu ni tafiti zinazolinganisha matibabu kwa matokeo ambayo mgonjwa mwenyewe anayajali. Ndani yake kuna fungu la kuboresha mbinu za kufanyia tafiti hizo, na mwongozo huu unahusu fungu hilo tu. Ukitaka fedha za kununua mashine ya CT, umepotea njia.

Hatua ya 1: Tenganisha swali la ugonjwa na swali la mbinu

Hapa ndipo maandiko mengi ya kwetu yanapofia. Tumezoea kuanza na ugonjwa: ukubwa wake, vifo vyake, upungufu wa vitanda. Mfadhili wa mbinu hakuulizi ndizi za sokoni Mbuyuni ni bei gani. Anauliza kama mizani inasema kweli.

Chukua huo mfano wa kiharusi. Baada ya siku 90 watafiti wengi hupima hali ya mgonjwa kwa kipimo cha Rankin, kuanzia 0, asiye na dalili yoyote, hadi 6, aliyefariki. Huku kwetu kipimo hicho mara nyingi hufanyika kwa simu. Mgonjwa ni bibi wa Kibosho, simu ni ya mjukuu, na mjukuu anafanya kazi Arusha mjini. Anaulizwa, anajibu: "Bibi hajambo, anakula vizuri." Namba inaandikwa. Baadaye tunalinganisha matibabu mawili kwa kutumia majibu ya wajukuu tukidhani ni ya mabibi.

Hilo ndilo pengo la mbinu: jibu la ndugu linaweza kusimama badala ya la mgonjwa wakati gani, linapinda kuelekea wapi, na ukishajua limepinda unalirekebishaje kwenye uchambuzi? Kazi inayotoka hapo inaeleweka. Wagonjwa wale wale wanaulizwa nyumbani ana kwa ana, ndugu zao wanaulizwa kwa simu, majibu yanalinganishwa. Kisha unatengeneza data za kubuni kwenye kompyuta kuona upotofu huo ungebadilisha hitimisho la utafiti kiasi gani. Mwishoni unatoa mwongozo na msimbo wa kompyuta ambao mtafiti mwingine atautumia bure.

Kabla ya kuandika lolote, soma Viwango vya Mbinu vya PCORI. Vina sehemu za data zilizokosekana, tofauti za matokeo kati ya makundi ya wagonjwa, uhusiano wa chanzo na matokeo, na nyinginezo. Tafuta kiwango ambacho swali lako linakigusa, ukitaje. Usipokiona, huenda swali lako bado ni la ugonjwa.

Jambo jingine: usilete hesabu za gharama dhidi ya manufaa. Sheria iliyounda taasisi hii inaizuia kutumia gharama kwa kila mwaka wa uhai wenye ubora kama kizingiti cha kuamua matibabu yapi yafaa, na tafiti za aina hiyo haizifadhili. Nimeona sehemu nzuri kabisa ya uchumi wa afya ikifutwa nzima kwa sababu hiyo.

Hatua ya 2: Pata mwenza Marekani

Taasisi ya nje ya Marekani inaruhusiwa kuomba, mradi ionyeshe wazi kwamba mfumo wa afya wa Marekani utanufaika. Mtu binafsi haruhusiwi. Ushauri wangu, na najua wapo watakaoukataa: mara ya kwanza usiongoze. Ongoza sehemu yako ya kisayansi, mkataba mkuu uwe wa chuo cha kule. Moshi tuna bahati, hospitali ya KCMC na taasisi yake ya utafiti wa kitabibu ina marafiki wa miaka mingi vyuo vya nje. Anzia kwa aliyekwisha kufanya kazi na idara yako.

Suala la manufaa kwa Marekani lisikutishe. Mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza kauli akiwa Chicago naye anajibiwa na binti yake. Andika hivyo hivyo, kwa aya moja, usiombe radhi kwa kuwa uko Kilimanjaro.

Hatua ya 3: Namba ya utambulisho wa taasisi

Kaa chini, hii ni ndefu.

PCORI si idara ya serikali, lakini ofisi ya mikataba ya chuo mwenza karibu kila mara itakuuliza UEI, namba inayotolewa na mfumo wa serikali ya Marekani uitwao SAM. Namba hiyo ilichukua nafasi ya DUNS Aprili 2022, kwa hiyo fomu ya zamani yenye DUNS ambayo mhasibu ameihifadhi itupe.

Kwanza jua unahitaji kipi. Mpokeaji wa mkataba mdogo chini ya chuo cha Marekani anahitaji UEI peke yake. Usajili kamili wa SAM ni wa anayeomba fedha za serikali ya Marekani moja kwa moja. Huo una maswali mengi, unahuishwa kila mwaka, na taasisi ya nje ya Marekani lazima kwanza ipate namba ya NCAGE, utambulisho mwingine unaotolewa kwa mfumo wa NATO. Watu hujitosa kwenye usajili kamili wakati walihitaji ule mdogo, wakakwama wiki nzima kwenye maswali ya benki ambayo hakuna aliyewauliza. Chagua kitufe cha kupata UEI tu.

Sasa jina. Mfumo unataka jina la kisheria la taasisi, na jina la kisheria siyo lile la kwenye kibao getini. Hospitali na vyuo vingi vya dini huku kaskazini kisheria ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, na jina lake linaanza na "The Registered Trustees of". Kampuni iko BRELA. Shirika lisilo la kiserikali lina cheti cha Msajili wa NGO. Taasisi ya umma iko kwenye sheria au tangazo la serikali lililoiunda. Fungua cheti chenyewe, usiulize mtu, nakili jina herufi kwa herufi, na nukta na mkato wake. Kama una NCAGE, jina la kule na la SAM yafanane hadi mkato. "Ltd" na "Limited" kwa mfumo ule ni watu wawili.

Halafu anwani, na hapa ndipo saa zinapoliwa. S.L.P. haikubaliki kama anwani ya mahali. Sisi tumeishi maisha yote kwa S.L.P.; vyeti, barua na mihuri yetu yote inasema S.L.P. Unatakiwa kuonyesha barabara au mtaa, namba ya jengo, mji na postikodi. Tangu operesheni ya anwani za makazi, jengo lako huenda lina namba; itafute kwenye NaPA, mfumo wa taifa wa anwani za makazi, au muulize mtendaji wa kata. Postikodi za Arusha zinaanza na 23, za Kilimanjaro na 25. Wakikuandikia 00000, kataa.

Kisha uithibitishe kwa hati yenye jina lile lile na anwani ile ile. Wenzetu wanatoa bili ya umeme. Sisi umeme ni LUKU, bili ya maji inakuja kwa meseji. Nimeona taarifa ya benki ikifanya kazi vizuri kuliko kitu kingine, lakini kabla ya kuichapisha nenda benki waingize anwani ya mahali kwenye akaunti, maana waliyo nayo ni S.L.P. ya siku mlipofungua. Cheti cha TIN kisome kwanza uone kinasema mko wapi. Kama mlihama kutoka Shanty Town kwenda kwingine na TRA haikuambiwa, kitakuponza. Hati ikiwa ya Kiswahili, ambatanisha tafsiri ya Kiingereza.

Mambo madogo ya mwisho. Jisajili kwa barua pepe ya ofisi, si ya kijana wa TEHAMA ambaye mkataba wake unaisha Juni. Usilipe hata senti. Huduma yote ni bure, na ukishajisajili zitaanza kuja barua pepe za watu wanaojifanya wakala wakisema usajili wako unaisha kesho. Anwani ya tovuti ya kweli inaishia na .gov. Na anza hatua hii siku ile ile unayopata wazo, hata kabla ya kuwa na mwenza.

Hatua ya 4: Wagonjwa waingie kabla andiko halijaandikwa

Maandiko ya PCORI husomwa na wanasayansi pamoja na wagonjwa na wadau wengine, wote wakitoa alama. Mgonjwa anayesoma ananusa mapema kama wenzake waliitwa kupamba.

Tofautisha watu wawili. Kuna mgonjwa mshiriki, anayetoa data na kusaini ridhaa. Kuna mgonjwa mshirika, anayekaa mezani kuamua swali lipi liulizwe na matokeo gani yapimwe. Huyu wa pili ni sehemu ya timu na jina la nafasi yake linaingia kwenye bajeti.

Mimi huwapata kliniki, siyo kwa tangazo. Muulize nesi wa kliniki ni nani hubishana na madaktari, huyo ndiye. Chukua pia mtunzaji mmoja, mke au binti, kwa sababu kiharusi ni cha nyumba nzima. Vikao vifanyike karibu na kwao na siyo siku ya soko. Wakati wa masika barabara za Machame na Kibosho juu huko hazipitiki kwa mtu mwenye fimbo, kwa hiyo wewe ndiye ushuke kwenye gari na kutembea. Kundi la WhatsApp silipendi kwa kazi hii: wenye simu kubwa ni vijana, na utarudi pale pale pa mjukuu kujibu kwa niaba. Piga simu, au nenda.

Walipe. Nauli, chakula na posho ya muda wao, iandikwe wazi kwa saa. Soda na maandazi si malipo.

Kwenye andiko, taja kitu ambacho wagonjwa walikibadilisha. Kwa yule daktari, mama mmoja alisema, "Mnaniuliza kama naweza kutembea. Niulizeni kama naweza kwenda kanisani peke yangu." Swali likaingia kwenye dodoso, na tukaandika limetoka wapi.

Hatua ya 5: Barua ya kusudio

Maombi yana awamu mbili: barua kwanza, andiko kamili baadaye kama umealikwa. Barua ndiyo mchujo. Tumia kiolezo chao cha mzunguko husika, usitumie cha mwaka jana. Sentensi ya kwanza isitaje ugonjwa. Anza na udhaifu wa mbinu, kisha nani anaumia kwa udhaifu huo, kisha utafanya nini. Takwimu za Tanzania zipate sentensi moja.

Andikeni kwenye faili moja la Word, lenye mtu mmoja mwenye kalamu. Hati ya pamoja mtandaoni yenye wahariri saba hutoa barua yenye sauti saba. Marejeo yawe Zotero, programu ya kupanga marejeo, ni bure.

Hatua ya 6: Bajeti

Excel, dola, na safu moja ya shilingi pembeni. Weka kiwango cha ubadilishaji kwenye seli moja ili kikibadilika ubadilishe mara moja. Mtakwimu asiwe wa asilimia mbili ya muda wake; hii ni kazi ya mbinu, yeye ndiye injini.

Hatua ya 7: Vibali

Kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Wenza wa kigeni watahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Data zikisafiri nje, kuna mkataba wa kuhamisha data unaopitia NIMR, na tangu Mei 2023 kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Halafu barua za mkoa na halmashauri, mnazijua. Kwenye ratiba vipe miezi, siyo wiki, na usiahidi kumsajili mgonjwa wa kwanza robo ya kwanza.

Hatua ya 8: Kutuma

Mwisho wa kupokea ni saa 11 jioni kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwetu ni saa 6 usiku wakati wa majira yao ya joto, na saa 7 usiku wa kuamkia kesho yake wakati wa baridi yao. Wewe panga kumaliza mchana wake, Marekani bado wamelala na mtandao hauna msongamano. Andiko kamili linahitaji kuidhinishwa na afisa wa taasisi inayoomba, ambaye si mtafiti mkuu. Kama ni chuo mwenza, ulizeni mapema wao wanataka lini. Ofisi nyingi za kule hudai faili zote siku kadhaa kabla.

Andiko kamili likikataliwa baada ya kupitiwa, utapata maelezo ya wapitiaji. Usikimbilie ya mtakwimu. Soma kwanza alichoandika mgonjwa, umtafsirie yule mama wa kliniki, kisha mkae naye mezani kupanga mzunguko unaofuata.