Kabla Vifaranga wa Bata Hawajaanguliwa: Mambo ya Kupanga Mapema

Maelezo mengi ya kulea vifaranga wa bata huanza na taa na kipimajoto. Kwa mfugaji wa Limuru, kwenye baridi, ni sawa. Huku Mombasa, toka Likoni hadi Bamburi, joto la mchana tunalo la kutosha na la kumgawia jirani. Kinachotumalizia vifaranga ni unyevu. Matandiko hulowa, chakula hupiga ukungu, kifaranga hulala mbichi, asubuhi unamkuta amekakamaa. Basi hesabu siku tangu mayai yaanze kulaliwa. Bata wa kawaida huchukua siku 28, na wale wenye vinundu vyekundu usoni siku 35. Wiki moja kabla, vitu viwe ndani.

Katoni kubwa yatosha kwa siku za mwanzo. Usitandike gazeti, linateleza: miguu ya kifaranga huachana kila mmoja upande wake, na ikizoea hivyo kusimama ni kazi. Weka gunia safi au kitambaa kikuukuu chenye mkwaruzo. Wakishajua chakula ni kipi, hamia kwenye maranda ya seremala, yale makubwa, si unga wa msumeno. Omba mengi, maana bata huchezea maji na utabadilisha kila siku. Juu funika kwa wavu wa matundu madogo hata kama sanduku liko barazani. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa habari za kunguru, na usiku zamu ni ya panya na paka.

Joto la wiki ya kwanza ni kama nyuzi 32, kisha unashusha nyuzi 3 hivi kila wiki. Machi mchana huenda usiwashe kitu. Usiku, na masika ya Aprili na Mei, utawasha. Balbu za kuokoa stima hazitoi joto la maana, kwa hivyo tafuta mapema ile ya zamani yenye waya ndani, uitundike upande mmoja ili anayeona joto asogee kando. Wakirundikana, wanaona baridi. Wakihema midomo wazi, joto limewazidi. Stima ikipotea, chupa ya maji moto iliyozungushiwa leso inasaidia. Jiko la makaa usiliingize chumba kilichofungwa, moshi wake usioonekana unaua vifaranga na mwenye nyumba.

Maji ya kunywa yawe matamu. Visima vyetu vingi vina chumvi, na kifaranga mchanga haiwezi, kwa hiyo weka dumu la maji ya mkokoteni pembeni. Chombo kiwe na kina cha kumwezesha kuzamisha mdomo na matundu ya pua, lakini asiingie mwili. Sahani yenye kokoto safi katikati inatosha. Kuogelea kungoje. Aliyeanguliwa na kuku au kwa mashine manyoya yake hulowa upesi, akapata baridi na kuzama kwenye beseni dogo tu.

Chakula ndipo pa kuwa mkali. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na vifaranga wa bata pia, kwa sababu ya mashudu ya njugu yenye ukungu. Hapo ndipo sumu ya aflatoksini ilipojulikana, na kwa kuwa kifaranga wa bata hudhoofishwa nayo haraka mno, wataalamu walimtumia kuipima. Sasa fikiria pumba za mahindi zilizokaa stoo ya pwani wakati wa mvua. Ukienda agroveti kununua unga wa vifaranga, chota konzi, ufumbate, kisha fungua kiganja: ukibaki donge, au ukinuka uvundo, uache hapohapo hata ukipunguziwa bei. Nunua kidogo kidogo, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, iinuliwe kutoka sakafuni. Omba usiotiwa dawa za kuku. Na kwa kuwa bata huhitaji niasini, aina ya vitamini B, kuliko kuku, ulizia vitamini B ya kuchanganya kwenye maji. Ikipungua, miguu hulegea na kupinda.

Kifaranga akitoboa yai, usikimbilie kulimenya. Kutoka kunaweza kuchukua siku nzima na zaidi, na ukiharakisha anatoka damu. Akishatoka, kiini alichobaki nacho tumboni humlisha siku moja au mbili, kwa hivyo asipokula mara moja si ugonjwa.

Kwa mnyonge, andaa mapema bomba dogo la sindano lisilo na sindano, na sukari. Kwanza mpashe joto, ndipo umpe kinywaji. Kifaranga baridi akinyweshwa hupaliwa. Kijiko cha chai cha sukari kwenye kikombe cha maji vuguvugu, tone moja moja ubavuni mwa mdomo, ameze mwenyewe. Miguu iliyoachana ifungwe kwa plasta laini, nafasi ya upana wa mwili wake, siku hizo za mwanzo kabla mifupa haijakaza. Kitovu kikiwa bado wazi, paka ayodini na usivute kitu. Akifika kesho yake bado hainui kichwa, mpigie daktari wa mifugo, si jirani. Na akisimama mwenyewe, mrudishe kwa wenzake siku hiyohiyo, kwani kifaranga wa bata akiwekwa peke yake hulia tu na chakula asikiguse.