Historia ya parokia kongwe: anzia kwenye daftari la ubatizo

Vitabu vingi vya jubilei hunakiliwa kutoka kitabu cha jubilei iliyotangulia, na tarehe iliyokosewa mara moja huzeeka ikiheshimiwa. Ukitaka kuandika upya historia ya parokia ya Dar es Salaam au ya Pugu na Kisarawe, anza na daftari la ubatizo. Halikuandikwa kumsifu mtu, ndiyo maana linaaminika.

Mwandikie paroko barua. Taja miaka unayoitafuta na matumizi yake, na uambatishe utambulisho wa jumuiya yako. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inataka parokia itunze madaftari ya ubatizo, ndoa na marehemu, na ya kale yahifadhiwe kwa uangalifu. Kama parokia yako ilikuwa kigango, usitafute ubatizo wa miaka ya nyuma ofisini kwake. Uko kwenye daftari la parokia mama. Watu hupoteza siku nyingi hapa.

Nenda na penseli, si kalamu ya wino. Usililaze daftari wazi kabisa: liegemeze kwenye vitambaa vilivyokunjwa pande zote mbili, kwani unyevu wa Pwani hulegeza gundi ya mgongo na kurasa huchomoka. Piga picha kwa mwanga wa dirisha, kuanzia jalada, ukurasa kwa ukurasa, hata kurasa tupu. Ukiziruka, baadaye hutajua aliyeruka ni mwandishi au ni wewe.

Kilatini cha madaftari haya hakitishi, maana maneno ni yaleyale kila mstari. Natus au nata ni tarehe ya kuzaliwa, filius au filia ni mtoto wa fulani, patrinus na matrina ni wasimamizi. Circiter ni “yapata”: umri wa mtu mzima umekadiriwa, usiuandike kama hakika. Ukikuta 7bris, huo ni Septemba, si Julai. Vivyo hivyo 8bris ni Oktoba. In periculo mortis maana yake alibatizwa akiwa katika hatari ya kufa. Hesabu mistari ya namna hiyo mwezi kwa mwezi. Ikirundikana mwishoni mwa 1918, fikiria mafua makali yaliyoenea dunia nzima, kisha linganisha na daftari la marehemu kabla ya kuamua.

Pambizo ndiyo hazina yenyewe. Hapo huongezwa kipaimara na ndoa, pamoja na mahali ilipofungwa, kwa hiyo unaweza kumfuata mtoto aliyebatizwa Pugu mpaka parokia alikooa. Tatizo ni kwamba mapadri Wajerumani waliandika Kilatini kwa herufi za kawaida, lakini maelezo ya Kijerumani huenda yakawa kwa mwandiko wa kale unaoitwa Kurrent, ambamo e hufanana na n. Tengeneza jedwali la herufi za kila mwandishi kutokana na majina unayoyajua. Majina ya mahali nayo yameandikwa kwa sikio la Kijerumani: Usaramo ni Uzaramo, Kisserawe ni Kisarawe, Bagamojo ni Bagamoyo. Ukitafuta kwa tahajia ya leo tu, utasema hakuna kitu.

Mwandiko ukibadilika ghafla au miaka ikikosekana, angalia matukio. Misheni ya Wabenedikti ya Pugu, iliyoanza 1888, ilishambuliwa Januari 1889. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, wamisionari Wajerumani wakaondolewa, na Wakapuchini wa Uswisi wakaja 1921. Pengo la miaka hiyo si uzembe wa karani.

Mambo ya ardhi na shule yatafute Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga. Omba majalada ya enzi ya Mjerumani na vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza, na unakili namba kamili ya kila jalada siku hiyohiyo. Mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao utembelee. Kwa makanisa ya Kianglikana yaliyotokana na UMCA (misheni ya Kiingereza, Universities’ Mission to Central Africa), karatasi za misheni ziko Bodleian, maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford.

Wazee wahoji baada ya kusoma, si kabla. Usimuulize bibi “mwaka gani?”, muulize kama kanisa la makuti lilikuwepo bado wakati wa Uhuru, au kama kengele ililetwa kabla ya Azimio la Arusha. Andika maneno yake kama alivyosema, pamoja na jina la aliyemsimulia. Akitofautiana na daftari, weka yote mawili. Lakini habari za walio hai, hasa za watoto waliozaliwa nje ya ndoa, zibaki ofisini.

Ukimaliza, ipe parokia nakala ya picha zote, kila faili likiwa na jina la daftari, mwaka na namba ya ukurasa.