Kabla hujaingia porini kutafuta nyoka na kinyonga

Mvua zikianza tu, simu huanza: vijana wa vyuo, wapiga picha, wageni wanaotaka kupanda hifadhi ya Amani, Tanga, kuona viumbe wa milima ya Usambara. Wana haki ya kutamani. Huku kuna nyoka wa mitini mwenye vipembe juu ya macho, ambaye nje ya milima ya Tanzania hapatikani, na kuna kinyonga wa kila namna. Lakini kabla hujafunga begi, soma haya.

Vaa gambuti au buti la ngozi linalopita kifundo cha mguu, na suruali ndefu ya kitambaa kizito. Mwenye kandambili abaki kambini. Kila mtu awe na tochi mbili, moja ya kichwani, na betri za akiba. Nyanda kavu zenye swila watemao mate, vaa miwani ya kukinga macho. Sumu ikikuingia machoni, osha kwa maji mengi bila kufikicha, kisha nenda hospitali.

Vibali vianze mapema. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo unalipa kiingilio na unaongozana na mwenyeji anayelijua eneo. Kama ni utafiti, ni TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na usitegemee kupata kibali ndani ya siku mbili. Kwa Kenya anza na KWS, shirika la wanyamapori la huko. Kumkamata mnyama bila kibali ni kosa, hata kama ulikusudia kumwachia baadaye. Pita pia kwa mwenyekiti wa kijiji umpe taarifa, maana watu wakiona tochi zinazunguka pembezoni mwa mashamba usiku watajua ni wezi.

Kinyonga mtafute usiku. Hulala kwenye ncha za vitawi vyembamba, rangi yake imepauka, na tochi ikimpiga anaonekana mweupe kuliko majani yanayomzunguka. Mtazame, piga picha chache, mwache alale. Usimng'oe kwenye tawi.

Sasa lile ambalo karibu kila kundi hulipuuza: dawa ya sumu ya nyoka.

Niliwahi kuwa kwenye kundi lililokuwa na kiongozi makini sana. Buti zilikaguliwa, tochi zilihesabiwa, na kwenye karatasi yake aliandika jina la hospitali na umbali wake. Saa mbili usiku, nyanda za chini, kijana mmoja aliinama kugeuza gogo kwa mkono mtupu. Kifutu alikuwa amejikunja ubavuni mwa gogo lile, juu ya majani makavu, na mwanga wa tochi zetu zote ulikuwa umeshampitia. Kifutu hakimbii ovyo. Anaitegemea rangi yake, anatulia, na ukimsogelea mno ndipo anapiga. Alimpiga chini ya kidole gumba. Kijana alirudi nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, nimegongwa."

Tulipofika barabarani mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na bangili yake ya shaba imezama kwenye nyama. Dereva wa bodaboda ndiye aliyeikata kwa koleo lake. Mzee mmoja alitoka nyumbani kwake mbio na jiwe la nyoka. Tulimshukuru kwa heshima tukaendelea, kwa sababu jiwe lile halivuti sumu. Zahanati hawakuwa na dawa, na hatukutarajia. Hospitali iliyoandikwa kwenye karatasi ilikuwa na daktari wa zamu, ilikuwa na friji, na dawa ilikuwa imekwisha. Tukaanza safari nyingine kwenye tope, saa nyingi, kijana akitapika begani kwangu. Alipona. Kidole gumba kilikatwa.

Hakuna aliyekuwa amepiga simu kuuliza kama dawa ipo.

Basi piga simu wiki moja kabla, na upige tena asubuhi ya safari. Uliza: dawa ipo leo? Chupa ngapi, kwa kuwa mgonjwa mmoja anaweza kuhitaji nyingi? Muda wake haujaisha? Inatibu nyoka gani? Swali hili la mwisho lina uzito wake, maana dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa India usiitegemee kwa kifutu au koboko wetu. Boomslang, nyoka wa mitini mwenye sumu kali, ana dawa yake ya peke yake, inayotengenezwa Afrika Kusini, na yule nyoka mwembamba anayefanana na kijiti kikavu hana dawa kabisa, kwa hiyo hao wote wawili watazame kwa mbali. Baadhi ya dawa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, basi uliza pia umeme ukikatika inakuwaje. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, lakini wilayani bado unaweza kukuta rafu tupu. Wakijibu haipo, badilisha eneo au ahirisha.

Usijitie ujanja wa kubeba chupa yako ukadungane sindano porini. Dawa hiyo inaweza kuleta mzio mkali wa ghafla, na inahitaji mtaalamu mwenye adrenalini mkononi. Kazi yako ni kuvua pete, saa na bangili mara moja, kumtuliza mgonjwa, kuufunga mkono au mguu kwenye kijiti usitikisike, na kumbeba. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Usimfukuze nyoka; picha ya mbali inatosha. Na gari au bodaboda iwe imeshapatanwa, dereva anajua kwamba atalala na simu imewashwa.

Picha nazo zina hatari yake. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye simu kabla hujazirusha mtandaoni. Mjusi wa buluu wa Kimboza, Morogoro, aliwindwa kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufugwa Ulaya na kwingineko, na miti anayoishi ilikatwa ili kumfikia. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya mjusi huyo anayetolewa porini. Usiwaonyeshe watu mti wenyewe.

Osha na kausha buti kabla ya kuhama msitu mmoja kwenda mwingine, maana ugonjwa wa ukungu unaoua vyura husafiri na tope. Gogo ulilogeuza kwa fimbo lirudishe lilivyokuwa. Usiweke mkono usipopaona. Usitembee peke yako, na mwache mtu kijijini anayejua utatoka saa ngapi. Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani ya Kenya, kuna tembo, kwa hiyo usiingie bila askari wa hifadhi. Asubuhi kung'uta buti kabla ya kuvaa, hema lifungwe zipu muda wote, na mvua ikizidi achana na mito, maana mawe yake huteleza vibaya.